Dang'a la Hidaya

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzo wa miaka ya themanini, Daktari wa Mifugo pale Likoni alinikabidhi pikipiki na mtungi wa naitrojeni, ule ubaridi mkali unaohifadhi mbegu za madume ndani ya mirija myembamba. Akaniambia, "Ng'ombe akishikwa na joto la kutaka dume hatakungoja umalize chai." Kazi yangu ilikuwa uhamilishaji, yaani kumpandisha ng'ombe kwa mrija. Mtaani kwetu Bofu wote waliniita Bwana Dume, na mke wangu alichoka kuulizwa habari zangu kwa jina hilo.

Nilichokipenda zaidi ni dang'a, maziwa mazito ya mwanzo ng'ombe anapozaa. Ndama akishashiba, lililobaki lilipikwa, majirani wakagawiwa, nami sikusahauliwa. Bi Zuhura wa Mtongwe, mjane aliyesomesha watoto kwa maziwa ya ng'ombe mmoja, Hidaya, alilitia iliki. Mpaka leo nalitamani.

Miaka ya tisini Daktari akarudi kutoka semina, akawaita wafugaji. Akaeleza kuwa ng'ambo wataalamu wanabadilisha vinasaba, chembe za urithi, vya mimea na wanyama, kisha wanapewa hataza, hati inayomzuia mwingine kuzalisha kiumbe kile bila idhini yao. Bi Zuhura akainuka taratibu.

"Daktari, ndama wa Hidaya akizaliwa, nitakuwa nafuga wangu au nalea wa watu?"

Daktari akamhakikishia kwamba madume wetu ni wa kawaida, hawana hataza.

"Leo hawana," Bi Zuhura akasema, akaketi.

Tangu hapo akaukataa mrija wangu. Nilikwenda kumsihi. Hidaya alikuwa amezeeka, huenda uzao uliofuata ndio wake wa mwisho, na dume la jirani lilikuwa la ukoo usio na maziwa. Akanipa chai, akanisikiliza, akakataa. Niliumia sana, maana nilijua bakuli langu la dang'a limenipita.

Hidaya akazaa ndama jike kwa dume la jirani. Bi Zuhura akaja mwenyewe ofisini na bakuli lililofunikwa kawa. Nikamwambia ndama huyo si wa mkono wangu.

"Najua, mwanangu. Ni wangu, ndiyo maana naweza kukupa."

Sasa nimestaafu. Mazizi ya Bofu yamekuwa vyumba vya kupangisha, na maziwa ni ya pakiti. Mjukuu wangu anasomea sheria, huja kuniuliza habari za hataza. Namweleza nijuavyo, kisha natamani kumwonjesha dang'a lile, na sina tena mlango wa kwenda kuliomba.