Kumzika Daktari wa Televisheni

"Ikiisha, halas, basi, unaenda," madam alimwambia Selipher, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Kilichotakiwa kuisha ni tamthilia ya Australia. Mwigizaji wake mkuu, Tamsin Orrell, alikuwa daktari humo, na madam hakuikosa hata siku moja. Bila ruhusa ya madam, Selipher hatoki Riyadh; na kule Kakamega bintiye Lois alishaanza kumwita Maureen, mdogo wake Selipher, mama.

Sasa tamthilia gani hiyo isiyoisha? Daktari akaolewa, akaachika, akapigwa na radi, akapona! Selipher, anayefua na kupika katika jumba lile la Al-Malqa, akamchukia mzungu wa watu kama jirani mchawi. Kisha Zablon, dereva wa nyumba, akasoma kwenye simu kwamba Tamsin amechoka na televisheni, anatafuta sinema. Ijumaa, mayaya wenzake Wakenya wakisali pamoja kwa simu, huyu akiombea ikama, kibali chake cha kuishi, yule akiombea kafili wake, mwajiri mkorofi, Selipher akapaza sauti: "Bwana, mpe Tamsin sinema! Mfungulie milango!" Wote wakaitikia amina, hata wasiomjua.

Mungu si Athumani. Tamsin akapata sinema, na daktari akazama baharini.

Lo, madam alilia! Hakula, hakuoga. "Kwenye msiba huu uniache, Selipher?"

Ombi limejibiwa na mwombaji yuko palepale! Lakini Mluhya ashindwe na matanga? "Madam, kwetu maiti asipopatikana tunazika mgomba mahali pake. Kisha matanga yanavunjwa, kila mtu anaenda kwake."

Mgomba mafi, hakuna Riyadh nzima, wakazika ndizi za dukani kando ya bwawa la kuogelea. Zablon akamsifu marehemu kwamba hakuwahi kumtoza mgonjwa hata ndururu. Selipher aliomboleza mpaka mlinzi wa jirani akaja kutoa pole. Madam akatupa udongo, akajifuta machozi, akala wali, akatoa ruhusa.

Uwanja wa ndege, Zablon akachungulia simu. "Dada, sinema imeanguka. Tamsin anarudi. Daktari aliokolewa na wavuvi!"

"Ukimwambia madam kabla ndege haijaruka, Zablon, tutakuzika wewe!"

Kakamega, Lois alijificha nyuma ya Maureen, kisha akanyoosha mkono kwa adabu. "Karibu, anti."

"Anti yako ni huyo," Selipher akasema. "Mimi ndiye mama."

Mtoto akamtazama Maureen kwanza, kuuliza kama ni kweli.