Mabomba ya Kinanda cha Arua

Mimi ni mshona ngozi wa Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Nashona viatu, mikanda na viti vya pikipiki. Kwa hiyo niliposikia fundi kutoka Nairobi ananitafuta nimsaidie kufufua kinanda cha mabomba katika kanisa la zamani la Arua, nilidhani amekosea mtu. Sisi ni Waislamu, vitukuu vya askari waliotoka Sudani, na kanisani sikuwahi kuingia. Lakini mivukuto, ile mifuko mikubwa inayosukuma pumzi kwenye mabomba, ilikuwa ya ngozi, nayo ngozi ilikuwa imeliwa na panya.

Tulifanya kazi wiki tatu. Fundi alikuwa akifunga feni ya umeme ya kuijaza mifuko, maana zamani ilijazwa kwa mkono. Aliyeijaza tangu ujana wake alikuwa bado hai, mzee wa Ayivu, nje kidogo ya mji. Kila asubuhi alifika kwa baiskeli, akaketi benchi la mbele kututazama.

Siku moja fundi alionyesha safu ya matundu matupu. "Hapa palikuwa na mabomba ya madini ya risasi na bati," akasema. "Yaliibwa wakati wa vita. Itabidi nitengeneze mapya."

Sindano ilinisimama mkononi. Serikali ya kijeshi ilipoanguka katika vita hivyo, baba yangu, aliyekuwa askari, alituvusha mpaka Kongo akiwa na gunia zito begani. Huko aliacha bunduki, akawa fundi wa mabati. Alikata vipande vya mabomba ya kijivu yaliyokuwa ndani ya gunia lile, akaviyeyusha kuwa lehemu, akaziba sufuria na taa za watu. Kwa kazi hiyo tulikula miaka yote ya ukimbizi. Nilipomuuliza mabomba yametoka wapi, alijibu, "Arua, kwa nyumba ya Mungu." Hakuongeza neno mpaka alipokufa.

Fundi alipotoka kwenda kula, nilimwendea mzee nikamweleza yote. Nilitaka asikie kutoka kinywani mwangu.

Alinitazama usoni. Kisha akauliza, "Baba yako alikuwa mutu mrefu, iko na kovu hapa kwa shavu?"

"Ndiyo, mzee."

"Ile siku mimi nilikuwa ndani ya kinanda, nimejificha. Alifungua mlango mdogo, akaniona. Wenzake wakauliza nani iko pale. Akasema hakuna mutu, iko vyuma tu. Akaanza kung'oa mabomba, akawapa wabebe nje." Alitazama yale matundu. "Sijui kama alitaka mabomba, ama alitaka wao wasikuje karibu. Mimi najiuliza mpaka leo."

Nilikaa chini sakafuni. Mzee alinisogezea chupa yake ya maji.

Jumapili ya kukizindua kinanda nilikaa nyuma kabisa. Mabomba mapya yalilia kwa ukali kidogo kuliko ya zamani yaliyobaki. Mzee hakuketi na watu. Alisimama kando ya kinanda, kiganja juu ya ngozi niliyoishona, akiisikiliza inavyopanda na kushuka bila yeye.

Niliporudi Koboko, kaka yangu alisema mambo ya vita yaachwe yalipolala. Sikumbishia. Lakini watoto wangu niliwaambia, na binti yangu mkubwa akauliza kama babu yake alikuwa mwizi. Nilimjibu ndiyo, kisha nikamsimulia yaliyobaki.