Pambano Ambalo Ezbon Hakuitwa Kushinda

Ezbon Wani alizaliwa Uganda, kambini, wazazi wake wakiwa wakimbizi kutoka kusini mwa Sudan, na ngumi alijifunzia Kampala. Alipigana mapambano arobaini na moja ya ridhaa, akapoteza matatu tu. Hakuwa na ngumi nzito. Alikuwa na miguu. Anaingia, anagusa, anatoka, na mpinzani anabaki akipiga hewa. Kwa raundi tatu hakuna aliyempata.

Alipofikisha miaka ishirini na mitatu, promota aitwaye Jonah alimwita ofisini na kumwekea mkataba mezani. Ezbon alitia saini palepale, bila kusoma ukurasa wa mwisho.

Ngumi za kulipwa zikamshangaza. Raundi zilikuwa sita, wakati mwingine nane, na wapinzani hawakujali pointi. Walimngoja achoke, kisha wakamfuata mbavuni. Alipigana mara tano, akashindwa mara nne, Jonah akaacha kumpigia simu. Ezbon akahamia Juba na mkewe Prossy, Mganda. Prossy akafungua kibanda cha vitenge mtaa wa Malakia, naye Ezbon akapata kazi ya ulinzi kwenye geti la hoteli moja mtaa wa Atlabara.

Siku moja Gaetano, kocha wa timu ya ridhaa, alimkuta akifanya mazoezi peke yake katika mtaa wa Nyakuron. Alimtazama kwa muda mrefu.

"Wewe iko na kilo ngapi?"

"Sitini."

"Timu yangu haina mtu wa sitini kwa mashindano ya mwezi wa tano. Njoo."

Ezbon alipomweleza habari za mkataba, kocha alishusha pumzi. "Leta barua ya kuachiliwa. Bila hiyo siwezi kukuandikisha."

Ezbon akampigia Jonah. Jonah alikuwa na bondia mwingine, Robinson, aliyekuwa akimwandalia pambano la mkanda, na alihitaji mtu wa kumpasha moto.

"Njoo Kampala upigane naye raundi nane," alisema Jonah. "Ukimaliza, nakupa barua yako."

"Na nikishinda?"

Jonah alicheka. "Ezbon, sikuiti ushinde."

Prossy hakupenda. "Huyo mtu anakutumia."

"Najua. Lakini barua iko kwake."

Hakuna aliyemwambia Ezbon ajiangushe. Jonah aliamini tu kwamba pumzi itamwishia, kama zamani. Siku ya pambano Ezbon alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alisimama. Raundi tano nzima aliziba uso, akapokea ngumi mikononi na mabegani, watu wakimzomea. Raundi ya sita akaanza kucheza. Sita, saba na nane alizipigana kama raundi tatu za ridhaa, na Robinson hakumwona tena. Majaji wawili kati ya watatu walimpa Ezbon ushindi.

Kesho yake asubuhi alikwenda ofisini, jicho moja limevimba hadi kufungika.

"Umeniharibia kazi ya miaka minne," Jonah alisema taratibu. Akafunua ukurasa wa mwisho wa mkataba, akamgeuzia. Kila pambano liliongeza mkataba kwa miaka miwili.

"Uliniahidi barua."

"Nilimwahidi mtu anayeshindwa. Bondia mwenye ushindi simwachilii."

Hata hivyo, Jonah hakumpigia simu tena wala kumpa pambano. Mapromota wengine walimwambia Ezbon kwamba hawawezi kumgusa mtu wa mwenzao. Wakili mmoja wa Juba alisoma karatasi zile mara mbili, akasema kesi itabidi ifunguliwe Kampala, na huenda ikachukua muda mrefu kuliko mkataba wenyewe.

Kwa nafasi ile ya kilo sitini Gaetano akamchukua Chan, mwanamume mrefu aliyekuwa fundi wa pikipiki. Ezbon alikuja kumshikia pedi za kupigia ngumi kila alipotoka kazini. Alimfundisha kuingia na kutoka. Wakati mwingine walivaa glavu wote wawili, na Chan hakuweza kumgusa.

"Wewe ndiyo ungeenda," Chan alimwambia siku moja.

"Inua mkono wa kushoto," Ezbon akajibu.

Timu ilisafiri kwenda mashindanoni mwezi wa tano. Ezbon alitazama pambano la Chan akiwa getini, kwenye simu ya mlinzi mwenzake, picha ikikwama kila mara. Katika raundi ya pili Chan alisahau kutoka, akabaki mbele ya mpinzani.

"Toka hapo," Ezbon alinong'ona. Miguu yake mwenyewe ilikuwa ikisogea juu ya changarawe. "Toka, toka."

Nje, gari likapiga honi, na dereva akatoa kichwa dirishani.

"Bondia, fungua."

Ezbon akamrudishia mwenzake simu, akaenda kufungua.