Kijiji Kilichowasha Taa Mchana

Gari likitoka Japani huja likiongea. Ukiliwasha tu, sauti ya mwanamke inasema jambo kwa upole, kwa lugha ya huko, kisha inanyamaza. Waosha magari wa Busia wamemzoea, hata humjibu. "Karibu, mama," humwambia, huku mikono yao imeshaingia chini ya viti. Kilicho chini ya kiti ni cha mwosha gari. Ndiyo sheria yao, na sijaona mwenye gari akiipinga. Huokota mwavuli, sarafu yenye tundu katikati, hirizi ya kitambaa iliyoshonwa vizuri. Mimi nilikuwa nawangojea watoke na kaseti za michezo ya video.

Niliacha shule darasa la sita na tangu hapo sijakaa mahali pamoja kwa muda mrefu. Nimebeba mizigo, nimeuza sabuni, nimelala Kisumu, Mbale na Tororo. Michezo ya zamani ya Japani ndiyo iliyonifanya nirudi mpakani kila mara, kwa sababu vitu vya Japani hupita hapo, vingine ndani ya magari, vingine ndani ya marobota ya mitumba. Wako watu wanaoitafuta kwa hamu, na mimi mwenyewe ni mmoja wao. Ninayoipenda siiuzi.

Ile ninayoipenda kuliko zote niliipata Masafu. Nilikuwepo robota likikatwa kamba, na kati ya soksi na makoti ya watoto ikadondoka mashine ndogo ya mkononi, kaseti ikiwa ndani. Ni mchezo wa kijiji. Unalima, unavua, unasalimia majirani. Ndani ya kaseti kuna betri bapa kama kifungo cha shati, na hiyo hutunza kumbukumbu za aliyecheza na kuendesha saa. Mashine ikizimwa, saa inaendelea. Nilipojua hilo nilikaa nikiifikiria ile kaseti kwenye kontena, katikati ya bahari, gizani, chini ya makoti, saa yake ikienda wala hakuna wa kuitazama.

Kuwasha mchezo wa mtu mwingine ni kama kuingia katika nyumba ambayo wenyewe wametoka kidogo kuteka maji. Mtoto aliacha pale alipoacha. Shamba limejaa magugu. Yule mtu wake mdogo wa kwenye kioo bado amesimama mbele ya mlango, ameinua uso.

Herufi zao nilijifunza kwenye kitambaa cha mtoto kilichokuja kimefunga vikombe, kila herufi na picha yake. Hizo nyepesi nazisoma polepole, kama mtoto wa chekechea. Maana yake naitafuta kwa simu. Na kwa simu hiyo hiyo hufuatilia minada yao. Huwa napenda minada inayofungwa kwenye 10 ya usiku wao, kwa sababu kwetu ni saa kumi jioni; sihitaji kupiga hesabu, nasoma namba ilivyo. Sikuwahi kujiuliza kwa nini iko hivyo.

Siku moja, Malaba, mama mmoja mwosha magari aliniita akiwa amebeba ndoo.

"Wewe mganga wa gemu! Unatafutwa."

"Na nani?"

"Kuna mama huko Sop Sop. Bwana yake alikuwa dereva wa haya magari, akapotea. Anataka uangalie kitu yake."

"Anauza?"

"Nani amesema anauza? Nenda tu. Na uvae shati ya maana, hapo kuna mazishi."

"Mazishi ya nani?"

"Ya huyo bwana."

"Si umesema alipotea?"

"Nimesema," akajibu, akamwaga maji.

Nilifika Sop Sop jua likiwa juu. Jambo la kwanza nililoliona ni kaburi. Lilikuwa limeshachimbwa kando ya nyumba, udongo mwekundu bado umelowa, na kuku wakichakura juu yake. Sikuona jeneza wala turubai, na sikusikia kilio. Wanaume watatu walikaa kwenye stuli chini ya upenu: kaka mkubwa wa aliyepotea na wazee wawili wa ukoo. Mke wa aliyepotea alikuwa amesimama mlangoni, amejifunga kitenge. Alikuwa mwanamke wa rika langu.

"Kaka, umekula?" ndilo neno lake la kwanza. Nikapewa kwata, ule mtama wa huku unaosongwa kama ugali, na mboga. Nikala watu wakinitazama.

Habari yenyewe nilielezwa nikinawa. Mumewe alikuwa akiendesha magari ya Japani kutoka Mombasa hadi Kampala. Siku hiyo alifika Busia salama, akaegesha gari uwanjani, akamwachia mlinzi funguo, akasema anakwenda kunywa chai. Hakurudi. Gari lilimaliziwa safari na dereva mwingine. Mkewe akaletewa koti lake na mashine ndogo ya mchezo iliyokutwa juu ya kiti.

Huu ulikuwa mwaka wa nne. Pande hizi, mtu akifa mbali na mwili wake usionekane, hukatwa shina la mgomba, likavishwa nguo zake na kuzikwa mahali pake, ili atulie na waliobaki watulie. Ukoo ulitaka kufanya hivyo, ukachimba kaburi. Mke alikataa. Akikubali, atanyolewa nywele, awe mjane, na hakuna atakayemtafuta tena yule mtu. Asipokubali, yeye ndiye anayemzuia mtu nje, asitulie.

"Mtu wa gemu, sikia," akasema kaka mkubwa. "Watoto wa hii boma wanaota huyu ndugu yangu anabisha mlango. Wote, ndoto moja. Mimi nataka kumlaza. Lakini shemeji hapa ameolewa na saa."

"Afadhali saa," mwanamke akamjibu. "Saa inarudi mahali yake kila siku."

Mzee mmoja akacheka, kisha akajikohoza.

Alileta mashine imefungwa kwenye leso. Nikaona ni ya aina ile ile niliyonayo, na mchezo ni ule ule wa kijiji. Akaiwasha mwenyewe, kwa mkono uliozoea, akaninyooshea pamoja na simu yake.

"Soma simu."

"Moja na dakika kumi."

"Na sisi tunasema saa ngapi?"

"Saa saba na dakika kumi."

"Sasa soma hiyo."

Pembeni ya kioo palikuwa na namba. 7:06.

"Kila siku iko hivyo," akasema. "Inachelewa kidogo tu. Tangu ifike hapa sijaigusa, sijui hata kuigusa. Hiyo kitu imetoka Japani. Nani huko Japani anahesabu saa kama sisi? Aliiweka yeye, na mkono yake. Mtu akiweka saa, anataka kurudi. Waambie hawa, kaka. Saa hujiweka?"

Wote wakanigeukia. Nikasema kweli: katika mchezo huu saa haijiweki. Mtu huiweka kwa mkono, mara ya kwanza.

Kaka mkubwa akatazama miguu yake.

Kwenye kioo, jirani mzee wa kijiji alikuwa amemsogelea yule mtu mdogo, akafungua kinywa. Maneno yakajipanga chini.

"Huyo mzee kila siku anasema," mwanamke akaniambia. "Mimi nasema naye lakini hatuelewani. Anasema nini?"

Nilipaswa kufikiri kwanza, lakini udadisi wangu hunitangulia. Nikasoma herufi moja moja kwa kidole. "Anasema... siku nyingi hatujakuona. Anauliza, ulikuwa wapi?"

Mmoja wa wazee akainuka, akaisogeza stuli yake mbali. Mwanamke alijiziba mdomo kwa leso. Alipoiondoa alikuwa kama anatabasamu.

"Mmesikia," akawaambia.

Ndipo nilipoona madirisha. Kwetu jua la saa saba lilikuwa linapasua mabati, kuku wamekimbilia kivuli. Ndani ya mashine palikuwa giza, na kila nyumba ya kile kijiji ilikuwa imewasha taa.

"Mbona huko ni usiku?" nikauliza.

"Ndiyo," akasema taratibu, kama mtu anayeeleza njia ya kwake. "Huko saa ni yetu, jua si letu. Alfajiri nikifungulia kuku, huko jua liko kichwani. Nimeona miaka yote. Nafikiri ndiyo mahali aliko."

Kwa muda nilimwamini kabisa, kwamba ipo nchi yenye saa zetu na jua jingine, na yule dereva amekaa huko ndani ya mojawapo ya zile nyumba zenye taa. Kisha nikakumbuka minada yangu. Nikakumbuka kwamba mashine yangu ya Masafu ilikuwa ndani ya mfuko, begani.

Nikamwomba tuzungumze nyuma ya jiko, sisi wawili. Nilimwambia kwamba baadaye atawaambia wale anachotaka yeye. Huko niliiwasha ya kwangu, nikaiweka kando ya yake juu ya kinu kilichopinduliwa. 7:15. Ya kwake ikasoma 7:17. Vijiji viwili, vyote usiku, vyote na taa. Jirani mzee akatoka upande huu, jirani mzee akatoka upande ule, wakafungua vinywa. Ulikuwa wapi? Ulikuwa wapi?

"Hiyo yako uliiweka wewe?"

"Sijaigusa. Nilikuwepo robota likikatwa kamba."

"Basi nani?"

"Mtoto wa huko. Jua lao linatangulia letu kwa saa sita. Na sisi tunaanza kuhesabu kunapokucha, wao saa kumi na mbili yao ni adhuhuri. Hesabu mbili zinatofautiana, lakini namba zinaangukia pamoja. Kule sasa ni usiku kweli, na saa yao inasema saba."

Midomo yake ilikuwa inahesabu. Akaitazama simu, akatazama mashine moja, kisha nyingine, akarudia tena.

"Huyo mzee anamwuliza mtoto?"

"Anamwuliza mtoto."

"Hajui mume wangu."

"Hamjui."

"Kwa hiyo hakuigusa."

"Pengine aliiokota chini ya kiti, akaiweka juu. Lakini saa hakuiweka yeye."

"Ungenidanganya," akasema, "ningekuchinjia kuku." Akacheka kidogo, machozi yakiteremka wakati ule ule, na hakuyafuta. Kisha akaigeuza mashine yake, akafungua kifuniko cha nyuma, akatoa betri kwa kucha, moja, halafu ya pili. Kioo kikafa. Akaniwekea mkononi.

"Chukua. Si ya mtu wetu."

Aliporudi upenuni hakueleza kitu. "Kateni," aliwaambia tu.

Wanaume waliingia migombani kwa haraka, kama watu wanaoogopa atabadili neno. Wakarudi na shina, maji yake yakidondoka. Kaka mkubwa akalivisha koti la ndugu yake, akafunga vifungo vyote hadi cha shingoni, akarekebisha kola. Nilitamani asingerekebisha kola. Waliposimamisha shina ili walizungushie shuka, lilikuwa limesimama miongoni mwetu kama mgeni aliyeambiwa angoje.

Mwanamke akalikaribia, akasimama mbele yake, kifua kwa kifua.

"Mfupi," akasema.

"Shemeji, ni mgomba tu," kaka mkubwa akamwambia.

"Mimi sizikiwi mgomba. Nazikiwa mume. Alikupita hata wewe, na ulikuwa unamuonea wivu."

"Hiyo ni kweli," akasema mzee mmoja.

Wakalilaza chini, wakavua koti, wakarudi migombani. Yeye akabaki amesimama uani, ameinua mkono juu ya kichwa chake, kiganja kimelala, kuwaonyesha kimo cha mumewe kilipoishia. Tulianza kusikia panga. Hakuushusha mkono.