Leo nimejisifu mbele ya karani wa manispaa

Jamani, leo mdomo wangu nusura uniuzie nyumba!

Mnaijua flati yangu ya Greyville, hapa Durban, niliyoinunua kwa jasho la gereji. Sasa kazi imepungua, kodi ya manispaa imenishinda, na wamesema wataipiga mnada. Nikasikia upo msaada kwa wenye nyumba wa kipato kidogo.

Nikaenda na suti ya harusi, viatu vinang'aa. Mtoto wa Tanga haendi ofisini na ovaroli!

Karani, dada wa Kizulu, akauliza, "Baba, unaishi na nani?"

Mimi tena! "Dada, kwangu kumejaa! Mke, watoto watatu wakubwa, shemeji, na wageni hawakauki."

Akaweka kalamu chini. "Basi watu wazima wote hao wakusaidie kulipa. Msaada hupati."

Eish! Jasho likanitoka ndani ya suti.

Ikabidi niseme ukweli, foleni nzima inasikia. Mama watoto alirudi Tanga, watoto wako Johannesburg, shemeji alishahama. Niko mimi na redio.

Akaniangalia. "Pole, baba. Basi unastahili. Mtu wetu atakuja Alhamisi kuhakikisha unaishi peke yako."

"Anapenda pilau?"

"Baba, anakuja kukagua tu."

Nitampikia hivyo hivyo. Mgeni ni mgeni.

Kwa hiyo ndugu zangu wa Durban, Alhamisi msije, mtaniharibia.

Siku nyingine zote mlango uko wazi. Nani anakuja?