Mweleka wa Mwisho wa Tarishi Pimkin

Sisi wa Edendale, mtaa wa studio za sinema, tulimjua Elwood Trask kabla hajabandikwa ndevu. Alikuwa mrefu, mkimya, na sura ambayo hata ungekula naye meza moja wiki nzima usingeikumbuka. Alizaliwa Scranton, kwenye machimbo ya makaa ya mawe, akajifunza kuanguka kwenye maonyesho ya kuzungukazunguka, akaingia Los Angeles mwaka 1914 na sanduku moja na mkewe Nettie. Studio ya Hoagland ikambandika ndevu nyekundu, ikamvika miwani minene na mkoba wa barua unaoburuta chini, ikamwita Tarishi Pimkin. Nchi nzima ikavunjika mbavu.

Kazi yake ilikuwa kula mweleka, basi. Kutoka ngazini, paani, juu ya farasi, dirishani ghorofa ya pili. Kujazia pamba ndani ya nguo hakutaka, kwa sababu pamba huonekana, na nani atamcheka mtu aliyejihami? Kipimo kilikuwa kimoja: mafundi. Sinema za wakati ule hazikuwa na sauti, kwa hiyo maseremala na mafundi wa taa walicheka wanavyotaka huku mpini wa kamera ukizungushwa. Wakicheka, mweleka unaingia kwenye filamu. Wasipocheka unatupwa, hata kama umepoteza jino. Elwood akishaanguka, alisikiliza kwanza ndipo akafumbua macho.

Machi ya 1925 alitakiwa kuruka kutoka juu ya tramu na kutua kwenye mkokoteni wa nyasi. Farasi akasogea. Elwood akatua kwenye reli, nyonga ikavunjika, naye akawa anarusha mguu mmoja hewani kwa maumivu. Mafundi walicheka mpaka wakashikilia matumbo. Lute Amsden, mpiga kamera wake wa miaka yote, aliendelea kuzungusha mpini mpaka filamu ikaisha. Msiwalaumu, ndivyo alivyowazoesha mwenyewe. Lakini studio kuionyesha filamu ile nchi nzima huku mtu amelala na plasta, hilo sijapata neno lake la heshima.

Alilala miezi mitano. Wiki ya tatu tu ndevu zilikuwa usoni kwa Verne Kittering, kijana wa sarakasi, kwa kuwa mkataba ulisema ndevu ni za studio. Hakuna mtazamaji hata mmoja aliyeandika kuuliza Pimkin wa kwanza yuko wapi. Wangejuaje? Uso wenyewe hawakuwahi kuuona.

Agosti Elwood akaenda studio akichechemea.

"Nipe mweleka mmoja," alimwambia Hoagland, mwenye studio. "Mafundi wakicheka, unanirudishia kazi yangu. Wasipocheka, hutaniona tena mlangoni kwako."

"Na ukivunjika tena? Mimi siuzi majeneza, Elwood."

"Nitavunjika mimi, wewe utabaki mzima."

Hoagland alitafuna sigara yake. "Haya. Ngazi ile pale. Verne, mpe mzee ndevu."

Verne alizibandua taratibu. "Zina jasho langu, kaka, unisamehe."

"Hata ulipozikuta hazikuwa kavu," Elwood akasema, na mafundi wakacheka, naye akajipa moyo.

Ngazi ilikuwa na vipandio kumi na viwili. Mkoba ulimtangulia, ukamvuta, akapinduka mara tatu barua zikiruka, akafika chini ameketi wima, miguu mbele, miwani puani, akaanza kuipanga barua moja magotini kwa adabu zote. Katika miaka kumi na mmoja hakuwahi kuanguka vizuri namna ile.

Akasikiliza. Kimya.

Alipofumbua macho, seremala mmoja alikuwa amejifunika uso kwa kofia. Lute alikuwa ameuachia mpini katikati ya kazi na kuja mbio.

"Umeumia, ndugu yangu?"

"Sijaumia. Rudi kwenye kamera."

"Siwezi. Nilikuwa naiangalia nyonga tu. Hata sijui umefanya nini."

"Watazamaji wa Ohio hawaijui nyonga yangu, Lute. Watacheka."

"Elwood," Hoagland akasema, kwa upole ambao hakuna aliyewahi kuusikia kwake, "masharti uliweka mwenyewe." Ndiyo, aliyaweka mwenyewe, tena mbele ya watu waliompenda. Angeweka mbele ya wapita njia angerudishiwa kazi, mjinga yule. Akapewa kazi ya kufungua geti.

Nyumbani Nettie alikuwa akimenya viazi. Mwanamke huyo alimkanda mgongo kila jioni kwa miaka yote hiyo bila kulalamika hata siku moja. Aliusoma uso wa mumewe, akaweka kisu chini.

"Hawakucheka?"

"Hawakucheka. Hata mmoja."

Elwood akajua sasa watalia pamoja. Nettie akaketi, akajifunika uso kwa aproni, na kilichotoka humo kilikuwa kicheko chenye machozi.

"Mungu kanisikia jamani," akasema. "Kila ulipotoka asubuhi nilimwomba wasicheke. Miaka kumi na mmoja, Elwood. Leo kanisikia."

Akamkumbatia kwa nguvu. Elwood alisimama mikono chini, akimwachia afurahi, na hakuwa na mtu mwingine wa kumweleza kwamba amefiwa na Pimkin.