Siku Maabara Ilipotandikwa Vitambaa

Ukienda leo kwa Mama Viviane, kule mtaa wa Panda, nyuma ya karakana za kampuni ya zamani, atakupa chai juu ya mbao tupu. Sisi tuliomjua miaka mingi bado tunashangaa. Huyu ndiye aliyekuwa na kitambaa cha meza kwa kila sikukuu, vingine amevishona mwenyewe, vyeupe hata unaogopa kuweka kikombe. Sasa vyote vimefungwa sandukuni. Ukimuuliza, atakwambia mikono imechoka kufua. Si kweli, ila huwezi kumbishia mtu nyumbani kwake.

Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda, na Viviane alizaliwa katika kambi ya wafanyakazi. Siku hizo mkubwa wa kazi akija kukagua nyumba za wafanyakazi, akina mama walifagia uwanja tangu alfajiri, wakapaka chokaa mawe ya njiani, wakatandika kitambaa mezani hata kama hapakuwa na cha kuweka juu yake. Nyumba ikisifiwa, baba alitazamwa vizuri kazini. Hapo ndipo Viviane alipojifunza kwamba mkubwa huona kwanza usafi, mengine baadaye. Simlaumu. Wote wa Panda tulilelewa hivyo.

Alikuja kuwa katibu wa chuo kimoja cha ufundi hapa Likasi, na mume wake alipofariki alibaki na binti mmoja tu, Laure. Laure alisoma chuo hicho hicho, kemia na madini, na alikuwa amefika mwaka wa mwisho. Walimu walimsifu kwa mkono wake mtulivu. Lakini sifa za walimu hazimpi mtu kazi. Mjini kwetu malori ya shaba na kobalti hayaishi kupita, na vijana wenye diploma wamekaa mlangoni wanayatazama. Viwanda vinasema vyuo vinafundisha ubao tu. Vyuo vinasema viwanda havifungui mlango. Wote wanasema kweli, ndiyo maana ugomvi hauishi.

Halafu kiwanda kimoja kikakubali kuzungumza. Wanafunzi wakionyesha kwamba wanajua kazi, kila mwaka wangechukuliwa wa mwaka wa mwisho wafanye stage, yaani wajifunze kazi kiwandani, na wazuri waandikwe. Mkuu wa maabara ya kiwanda, mhandisi aliyeitwa Ingénieur Clémentine, angekuja kujionea. Kwa Mama Viviane huo haukuwa mkataba wa chuo. Ilikuwa kazi ya Laure.

Yeye ndiye aliyepokea simu.

“Mama,” alisema Clémentine, “tunakuya kuona tu namna batoto banatumika mu labo. Musitengeneze kintu.”

Alitaka tu kuona wanafunzi wakifanya kazi maabara. Basi hapo ndipo palipoharibika. Kwetu, mgeni akikwambia usitengeneze kitu, amekuwa na adabu, na wewe adabu yako ni kuanza kutengeneza palepale. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Panda mwenyeji huugua kwanza kwa matayarisho. Mkurugenzi, Bwana Germain, alisikia habari ya simu akacheka: “Ule mama iko na heshima. Tununue mbuzi.”

Chumba pekee chenye vigae na meza ndefu chuoni kilikuwa maabara. Mama Viviane akaamuru vyombo vya kioo vifungwe kwenye makasha. Mizani ndogo, ile inayohisi hata punje ya chumvi, ikabebwa mpaka stoo, karibu na makaa. Juu ya meza za kufanyia majaribio akatandika vitambaa vyake vyote. Wasichana wa mwaka wa mwisho wakashonewa vitenge vya aina moja ili wagawe vinywaji, na Laure akiwa wa kwanza. Mimi nilikuwapo, kwa kuwa kwaya yetu ya parokia iliitwa kuimba, na sitaficha: mbuzi alikuwa mtamu.

Clémentine aliingia na viatu vya kazi, mkononi ameshika kifuko kidogo cha mawe yaliyosagwa. Maabara yake ilikwisha kuyapima na kujua yana shaba kiasi gani. Alitaka wanafunzi wapime mbele yake, aone kama watafika kwenye jibu lile. Tulimwimbia beti zote. Alipiga makofi, akakaa, akala kidogo, akatazama huku na huku.

“Na labo iko wapi?”

“Njo hii, Madame l'Ingénieur!” Mama Viviane alijibu, uso umeng'aa. “Tuliipamba juu yenu.”

Clémentine akainua pembe ya kitambaa. Chini yake palikuwa na beseni la maabara lililojaa barafu na chupa za bia. Kisha akamgeukia msichana aliyekuwa anamwekea sahani, naye alikuwa Laure.

“Weye unatumika hapa?”

“Hapana, madame. Niko finaliste, mwaka ya mwisho. Chimie.”

Laure hakungoja kuambiwa. Alikimbia stoo na kitenge chake cha sherehe, akarudi amekumbatia mizani, akaisafisha vumbi la makaa, akaiweka mezani. Namba zikacheza, zikakataa kutulia. Mizani ya aina ile ikibebwa inataka muda wa kupumzika, na dereva wa kiwanda alikuwa ameshawasha gari. Laure alisimama akiitazama, na mama yake hakujua aweke wapi mikono.

Mama Viviane alimsindikiza mgeni mpaka garini.

“Mufuko nimeuacha,” alisema Clémentine. “Ule mutoto wa balance, wa mizani, apime, hata kesho. Anitumie jibu. Nitangojea.”

“Merci, Madame l'Ingénieur.”

Mama Viviane aliyasikia maneno hayo kama yale tunayowaambia wafiwa tukiondoka kilioni: tutarudi, tutaonana. Nani huyashika? Aibu ilikuwa imemjaa hadi masikioni. Hakumwambia Laure neno.

Kiwanda kilikwenda kufunga mkataba na chuo kingine. Laure alipata diploma yake, akazunguka na bahasha, mwisho akaenda Kambove kwa mfanyabiashara mmoja, Gaston, anayenunua mawe ya wachimbaji. Huko anapima magunia kwa mizani ya kuning'inia. Analipwa, siyo kwamba halipwi.

Mwaka uliofuata, baada ya misa, Clémentine alimwona Mama Viviane uwanjani mwa kanisa akamsalimu vizuri.

“Mama, ule mutoto wa balance, hakupima? Nilimuchungia nafasi. Nilingojea, nilingojea, kisha nikatwaa mwengine. Ule mwengine tulishamuandika.”

Mama Viviane alinisimulia haya akiwa amekaa chini, kwenye sakafu ya jiko lake. “Alisema kweli mara mbili, mu simu na ku motokari,” alisema, “na minye mara mbili nikasikia heshima tu.” Hata leo linaniuma, na wala Laure si mwanangu.

Wiki ile ile alipanda taxi-bus mpaka Kambove. Alimkuta Laure kwenye baraza ya Gaston, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Akamwambia yote, na hakujitetea.

Laure alijipangusa vumbi mikononi.

“Maman, minye nilipima.”

“Ulipima?”

“Kesho yake, wakati balance ilitulia. Nilifikiri ule mama alisahau mufuko yake. Nikapima, nikarudilia, jibu ikawa moja.”

“Na juu ya nini haukuniambia?”

“Nilingojea muntu aniulize.”

Akaitaja asilimia ile ya shaba palepale, bila kufikiri, kama mtu anayetaja jina lake. Mchimbaji mmoja akatua gunia miguuni pake, na Laure akainuka kwenda kulipima.